Redio Mbovu na Fimbo Yangu

Usiku wa giza, mwezi unapokuwa haujatoka, ukisimama ufukweni mwa kijiji chetu, si mbali sana na Mwanza mjini, utadhani mji mwingine umejengwa juu ya ziwa. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Nilipokuwa kijana, taa hizo zilikuwa karabai. Zilikula mafuta usiku kucha, zilivuma kama nyuki, na upepo ukizidi kile kitambaa chake cha kuwakia kilipasuka na mvuvi akabaki gizani. Leo karabai zimebaki chache. Wavuvi wengi wanawasha taa ndogo zisizo na moto wala utambi, zinazotumia betri iliyochajiwa kwa jua mchana.

Jioni moja tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, wazee kwa vijana. Kijana mmoja mvuvi alikuwa na taa ya namna hiyo mkononi. Akaigeuza huku na huku, akasema, “Mwalimu, hawa wenzetu Mungu aliwapa akili. Sisi kazi yetu ni kununua tu.” Watu wakacheka na kuafiki. Mimi sikucheka. Nimeandika sura hii ili nimjibu kijana yule, na kwa kuwa jibu lenyewe linanihukumu mimi kwanza, naomba ndugu msomaji anivumilie mpaka mwisho.

Niseme wazi ninachopinga. Sipingi kwamba taa ile imetengenezwa mbali. Imetengenezwa mbali, na boksi lake linasema hivyo. Ninachopinga ni ile sehemu ya pili ya usemi wake, kwamba kazi yetu ni kununua tu. Usemi huo nimeusikia kwa wakulima, kwa wafanyabiashara na kwa wazazi. Kwa masikitiko makubwa nimeusikia pia katika vyumba vya walimu. Ni uvivu uliovaa kanzu ya unyenyekevu. Anayeusema huonekana mtu mpole anayekiri udhaifu wake, kumbe anajiondolea wajibu wa kufanya lolote.

Basi nimwambie kijana yule habari za mtu mmoja.

Mwaka 1924, mjini Port Said katika nchi ya Misri, alizaliwa mtoto aliyeitwa Mohamed Atalla. Port Said ipo pale Mfereji wa Suez unapokutana na Bahari ya Kati. Ni mji uliozungukwa na maji ya chumvi, na maji yake ya kunywa huletwa kwa mfereji kutoka mto Nile. Na Nile, kama tunavyowafundisha watoto wetu, hutoka katika ziwa letu hili, pale Jinja. Sitaki kutia chumvi katika maneno yangu: sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka katika milima ya Ethiopia, na yetu ni sehemu ndogo. Lakini imo. Mtu akiniambia kwamba Mmisri si mwenzetu, nitamwambia akaulize mto.

Atalla alisoma kwao mpaka akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Cairo. Kisha akaenda Marekani, katika Chuo Kikuu cha Purdue, akapata shahada ya pili mwaka 1947 na udaktari mwaka 1949. Wala udaktari wake haukuwa wa mambo ya umeme, ulikuwa wa uhandisi wa mitambo. Mwaka huo huo wa 1949 akaajiriwa na Bell Labs, maabara mashuhuri ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani. Wenzake huko walimwita Martin, na wengine John, kwa hiyo ukilikuta jina la Martin Atalla kitabuni usingejua kamwe kwamba ni Mohamed wa Port Said.

Katika maabara hiyo, Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa katika kundi lililoongozwa na William Shockley, walikuwa wametengeneza transista ya kwanza. Transista ni kidude kinachoweza kukuza mkondo mdogo wa umeme. Ndicho kilichoondoa zile valvu za kioo katika redio, tukapata redio ya kubeba begani. Transista za mwanzo zilikuwa za madini yaitwayo jemaniamu. Jemaniamu haivumilii joto. Silikoni huvumilia zaidi, tena ipo tele duniani, lakini ilikuwa na ila moja kubwa, nayo ilikuwa katika uso wake.

Nieleze ila hiyo kwa mfano wa kwetu. Abiria anashuka stendi ya Nyegezi akitaka kupanda basi. Kabla hajalifikia, wapiga debe wamemkamata, huyu mkono, yule begi, na hafiki anakokwenda. Ndivyo ulivyokuwa uso wa silikoni. Chembe za umeme, yaani elektroni, zilinaswa pale juu kabla hazijafanya kazi iliyokusudiwa. Wataalamu wengi wakaona ni afadhali wabaki na jemaniamu yao.

Mwaka 1955, wafanyakazi wawili wa maabara hiyo, Carl Frosch na Lincoln Derick, waligundua kwa bahati kwamba silikoni ikichomwa katika tanuri lenye mvuke hujiotesha ngozi nyembamba kama kioo. Ngozi hiyo ni oksidi ya silikoni. Kwa viambo vyake ni kitu kile kile kilichomo katika chembe zinazometameta ndani ya mawe ya Mwanza. Jiwe la Bismarck, ambalo kila mgeni hupiga nalo picha, ni granaiti, na ndani ya granaiti kuna kwazi, na kwazi ni silikoni na oksijeni. Kitu hicho tunakikalia na kukianikia dagaa.

Atalla akalishika jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliongoza kundi lililochunguza namna ya kuiotesha ngozi hiyo juu ya silikoni iliyosafishwa vizuri, na wakaonyesha kwamba wapiga debe wale wa juu ya uso waliweza kunyamazishwa. Kisha, mwaka 1959, yeye na Dawon Kahng, kijana aliyezaliwa Seoul huko Korea, wakatengeneza transista ya namna mpya. Juu ya ngozi ile waliweka kibati cha madini. Kibati hakigusi silikoni iliyo chini yake, lakini ukikitia umeme kinafungua njia ya mkondo huko chini, na ukiuondoa kinaifunga. Ni kama lango la bwawa la Jinja: mkono wa mtu haugusi maji, lakini mto mzima unamtii.

Na tusidhani kwamba wawili hao walikaa peke yao na akili zao. Walikuwapo mafundi, E. E. LaBate na E. I. Povilonis, waliokitengeneza chenyewe kwa mikono. Walikuwapo wengine waliojua tanuri na wengine waliojua namna ya kupenyeza madini ndani ya silikoni. Jambo hili nitalirudia, maana ndilo kiini cha maneno yangu.

Je, walishangiliwa? La hasha. Kahng alikieleza kifaa hicho katika mkutano wa wataalamu mwaka 1960, na Bell Labs wenyewe wakakiweka kando, kwa kuwa kilikuwa na mwendo wa polepole kuliko transista walizozizoea. Makampuni mengine ndiyo yaliyokichukua. Lakini faida yake ilikuwa kwamba kiliweza kufanywa kidogo sana, na kikapangwa na wenzake kwa wingi juu ya kipande kimoja cha silikoni. Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko California lilikadiria mwaka 2018 kwamba idadi ya transista za namna hiyo zilizokwisha kutengenezwa ni 13 ikifuatwa na sifuri 21. Hakuna kitu kingine kilichoundwa na binadamu kwa wingi kama huo. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana wangu mvuvi inazo kwa mamilioni na mabilioni.

Mwaka 1962 Atalla aliondoka Bell Labs, akahamia kampuni ya Hewlett-Packard huko California, akawa kiongozi wa utafiti wa vifaa vya namna hii. Huko ndiko yeye na wenzake waliposhughulikia vijitaa vinavyotoa mwanga bila utambi, vikaanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuonyesha tarakimu katika mashine. Vilikuwa vyekundu tu. Ilibidi wasubiriwe Wajapani, kina Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wapate rangi ya buluu ndipo mwanga mweupe upatikane, na kwa hilo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Lakini ukoo ni mmoja. Taa ya dagaa aliyokuwa nayo kijana pale chini ya mwembe ina babu, na miongoni mwa babu zake yumo mtoto wa Port Said.

Hata hapo hakuishia. Baada ya kupitia kampuni ya Fairchild, aliiacha kazi ya transista, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanzisha kampuni yake ya kulinda siri za mabenki. Alitengeneza kisanduku cha kuificha namba ya siri ya mteja ili isiibwe njiani kati ya mashine na benki. Unapoingia mjini kuchukua pensheni yako katika mashine ya benki, ukajikinga kwa mkono na kubonyeza tarakimu zako nne, unapita katika njia aliyoitengeneza yeye. Alifariki mwaka 2009.

Sasa nawasikia wapinzani wangu wakisema, “Mwalimu, umejifunga mwenyewe. Huyo Atalla aliondoka Afrika. Angebaki asingefanya lolote.”

Naam, aliondoka. Wala siwezi kumlaumu, wala siwezi kujivunia kazi yake kana kwamba niliifanya mimi. Watu wengi wa bara hili wana tabia hiyo: mtoto wetu aking'ara ughaibuni tunapiga vigelegele, na kesho yake tunarudi kulala. Swali la kuuliza si kwa nini aliondoka. Swali ni alichokikuta huko ambacho hakikuwepo kwao. Akili hakuikuta, alikwenda nayo. Hata shahada ya kwanza alikwenda nayo, kwa hiyo walimu wa Misri walikuwa wamefanya kazi yao. Alichokikuta ni meza ya kazi, tanuri, mafundi, wenzake wa kubishana nao, na muda wa kujaribu na kukosea bila kuchapwa.

Mtazame yule mwenzake, Kahng. Naye aliondoka kwao. Korea Kusini ilikuwa imetoka katika vita iliyosimama mwaka 1953, na sisi tulipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa nchi maskini mno. Kahng hakurudi kufanya kazi kwao, alifia Marekani mwaka 1992. Lakini nchi yake haikukaa ikimlilia. Ilijenga meza. Mwaka 1966 ilianzisha taasisi ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mwaka 1974 ilianzishwa karibu na Seoul kampuni ndogo ya kutengeneza vipande vya silikoni, na mwaka huo huo Samsung ikainunulia hisa. Mwaka 1983 Samsung ikatengeneza kipande chake cha kwanza cha kumbukumbu ya kompyuta kilichoweza kushindana na vya Marekani na Japani. Leo dunia nzima inanunua kutoka kwao. Watu wawili waliunda kifaa kimoja. Mmoja nchi yake iliandaa mahali pa kufanyia kazi waliobaki. Bara la yule mwingine kwa sehemu kubwa bado linajadili kama watoto wake wana akili.

Na sisi Watanzania hatukuanza na mikono mitupu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitupa Elimu ya Kujitegemea, na mimi nilikwenda chuo cha ualimu miaka michache baadaye nikiwa nimeiamini kwa moyo wangu wote. Tulifanya nini nayo? Tuliisoma kama habari ya jembe. Shule yangu ililima pamba, ilifuga kuku, ilichoma matofali. Sidharau jembe, limenisomesha. Lakini siku zile zile Dar es Salaam kulikuwa na kiwanda kilichounganisha redio na kutengeneza betri za National, na redio hizo zilikuwa katika kila kijiji cha Usukumani. Hakuna siku hata moja ambayo mimi, mwalimu wa sayansi, niliiweka redio mezani mbele ya darasa nikasema, “Watoto, tuifungue tuone.” Kujitegemea kwetu kulikomea pale bisibisi inapoanzia.

Lakini nilifanya kosa baya kuliko hilo, na sasa nalieleza.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja ufukweni, ambayo sitaitaja. Shule ilikuwa na redio moja, iliyonunuliwa kwa fedha za pamba, ambayo wanafunzi walisikilizia vipindi vya shule kutoka Radio Tanzania. Niliifungia kabatini ofisini kwangu. Ikaharibika. Betri zilivuja, ikanyamaza. Ilikaa kimya miezi miwili nikisubiri nauli ya kuipeleka mjini.

Jumamosi moja nilipita shuleni nikakuta mlango wa ofisi uko wazi. Mvulana wa darasa la sita, aliyekuwa zamu ya usafi, alikuwa ameketi sakafuni na redio imefunguliwa mbele yake. Pembeni alikuwa na jiko la makaa, na ndani ya makaa msumari mkubwa aliouchoma mpaka ukawa mwekundu. Alikuwa na kipande cha risasi ya kulehemu alichokibandua katika kitu kibovu. Sikumuuliza neno. Nilimwondoa kwa sikio. Jumatatu, mstarini, mbele ya shule nzima, nilimchapa viboko sita, nikatoa hotuba kwamba mali ya shule si kitu cha kuchezewa na watoto, na kwamba vyombo hivi vina wenyewe waliovisomea.

Wiki iliyofuata niliipeleka redio mjini kwa fundi mmoja. Nilipoirudia alinitoza bei ya betri tu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, “Mwalimu, hii ilikwisha tengenezwa. Waya ulioliwa na kutu umelehemewa upya, na kutu yenyewe imekwanguliwa vizuri. Mimi nimefunga kifuniko na kuweka betri mpya. Nani fundi wenu huko?”

Nilimjibu kwamba ni fundi wa kupita. Nikapanda basi na redio inayoimba. Nikaiweka kabatini, nikaifunga kwa ufunguo, na sikumwambia yule mvulana neno lolote. Mwalimu mkuu angewezaje kurudi mstarini na kusema amekosea? Mwaka uliofuata alimaliza darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno siku zile, hakuchaguliwa, na akaenda ziwani.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji. Atalla angekuwa mwanafunzi wangu, angekuwa nani? Angekuwa mvulana mwenye makovu sita matakoni anayevuta nyavu za dagaa. Wala nisijitetee kwamba ilikuwa desturi ya wakati ule. Bell Labs nao walikosea kuhusu transista ile, wakubwa wake hawakuona thamani yake. Lakini hawakumchapa mtu kwa kuifungua silikoni. Kosa lao lilisahihishika kwa kuwa kitu kilikuwa kimekwisha tengenezwa na kuelezwa hadharani. Kosa langu halikusahihishika kwa kuwa nililifungia kabatini.

Wapo watakaosema utafiti wa mambo haya ni wa gharama kubwa, nchi maskini haiuwezi. Kiwanda cha vipande vya silikoni ni kweli kina gharama inayotisha, wala sidai tukijenge Nyegezi kesho. Lakini utafiti si kiwanda. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya fizikia, wapo watu ambao kwa miaka mingi wamefanya utafiti wa aina hii hii. Mwaka 1999 Kivaisi na Samiji wa chuo hicho walichapisha katika jarida la kimataifa kazi yao juu ya tando nyembamba za oksidi ya vanadi. Kitu hicho kina tabia ya ajabu: kikiwa baridi ni kipitishi nusu, kikipata joto la nyuzi 68 hivi kinageuka kuwa kama chuma na kulirudisha joto. Ukikipaka katika kioo cha dirisha, kinaweza kuruhusu mwanga na kupunguza joto la jua lenyewe likizidi. Mwaka 2009 mwenzao Mlyuka, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, Uswidi, akaonyesha kwamba ukichanganya magnesi kidogo, tando hizo hupitisha mwanga zaidi na hugeuka kwa joto dogo zaidi. Je, kuna nchi inayohitaji dirisha kama hilo kuliko yetu?

Niambie basi ni mtoto gani wa shule ya Mwanza anayeyajua majina hayo. Anawajua wachezaji wa mpira wa Ulaya kwa namba za jezi zao. Hao wa Dar es Salaam hawajui, kwa sababu mwalimu wake hawajui, na mwalimu wake hawajui kwa sababu sisi tuliomfundisha tulimfundisha kwamba vyombo hivi vina wenyewe. Mlolongo huo una mwanzo, na mmoja wa waliouanza ni mimi.

Kwa hiyo ninalodai si kubwa. Sidai mabilioni. Nadai kila shule ya msingi iwe na meza moja, na juu yake redio mbovu, simu mbovu, taa mbovu ya dagaa, bisibisi na chuma cha kulehemu. Nadai kila chuo cha ualimu kisimpe mtu cheti cha kufundisha sayansi kama hajawahi kufungua kitu kilichokufa na kukifufua, au kushindwa kukifufua na kueleza kwa nini. Na nadai mtoto akikutwa amefungua kitu, aulizwe swali moja kabla ya jambo lolote: “Umeona nini ndani?”

Baada ya mazungumzo yale ya chini ya mwembe sikulala vizuri. Asubuhi nikashika fimbo yangu, ambayo siku hizi ni ya kutembelea, nikaenda ufukweni. Yule mvulana wa mwaka 1986 yupo. Ana mvi. Ana kibanda cha mabati karibu na wanapoanika dagaa, na kazi yake ni kutengeneza taa za wavuvi na betri zake.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema, akasimama.

“Marahaba, mwanangu. Keti.”

Nikamweleza yote: fundi wa mjini, bei ya betri, uongo wangu wa fundi wa kupita. Alisikiliza akiwa ameinamia taa iliyo wazi mbele yake. Nilipomaliza nikamwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, mimi siku zote nilijua niliiharibu. Ndiyo maana sikugusa redio ya mtu mpaka nilipooa.”

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekuja kuungama viboko sita, kumbe viboko havikuwa kitu. Nilimnyima kujua kwamba alifaulu, na kwa hilo nilimwibia miaka ambayo mtu hawezi kurudishiwa.

Pembeni yake alikuwa ameketi binti yake wa mwisho, wa darasa la tano, akipanga skrubu katika kifuniko cha chupa, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Baba yake akanionyesha kwa kidevu. “Huyu naye anafungua kila kitu,” akasema. “Mwalimu wake wewe anakuheshimu. Mwambie asimchape.”

Jumatatu nilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu, ambaye nilimfundisha mimi, alinisikiliza kwa adabu. Meza tumeipata. Redio mbovu wazazi wameleta tatu, na taa za dagaa mbili. Chuma cha kulehemu nimekinunua kwa pensheni yangu. Mwalimu wa kuisimamia meza hiyo hatujampata bado. Niliwauliza walimu tisa, na wote tisa walinijibu kwamba hawakusomea vyombo hivyo.